Bustani ya Nyumbani: Mmea Uchukuao Mitungi

Miongoni mwa mimea ya mapambo iwezayo kutunzwa barazani, hapana uwashangazao wageni kama ule uchukuao mitungi. Kwa mbali huonekana kama mmea wowote wa kutambaa wenye majani marefu ya kijani. Mtu akikaribia ndipo aonapo kuwa ncha ya jani imerefuka ikawa mfano wa ukambaa, na mwishoni mwa ukambaa huo umening'inia mtungi mdogo wenye mdomo uliokunjwa kwa ustadi, una kawa juu yake na maji ndani yake. Mgeni hudhani kuwa ni ua. Si ua. Mtungi ule ni sehemu ya jani, na kazi yake ni kukamata wadudu na kuwameng'enya ili mmea upate lishe.

Wataalamu wa elimu ya mimea huiita jamii hii Nepenthes. Jina hilo lilitolewa mwaka 1737 na Linnaeus, mtaalamu wa Sweden, naye alilitwaa katika utenzi wa kale wa Wayunani ambamo inatajwa dawa ya kumsahaulisha mtu huzuni. Aina zijulikanazo leo zimezidi 160. Nyingi zake ziko Borneo, Sumatra na Ufilipino, lakini asidhani mtu kuwa mmea huu ni wa Mashariki ya mbali peke yake. Visiwa vya Bahari ya Hindi vilivyo jirani na pwani ya Afrika vinao pia. Shelisheli ina aina moja, Nepenthes pervillei, iotayo juu ya majabali ya visiwa vya Mahé na Silhouette. Bukini, kama wazee wa mwambao walivyozoea kuiita Madagaska, ina aina mbili: moja katika mabonde ya maji na mchanga wa pwani ya mashariki, na nyingine katika rasi ya Masoala.

Hata habari za kwanza za mmea huu kuchapishwa Ulaya zilitoka Madagaska. Étienne de Flacourt, gavana wa Wafaransa huko Fort-Dauphin, alitoa kitabu mwaka 1658, akaueleza mmea wa ajabu ambao alisema unaitwa amramatico. Alieleza kuwa wenyeji walichelea kuuchuma walipopita njiani, wakisema kwamba mwenye kuuchuma huleta mvua siku hiyo hiyo. Wafaransa wakauchuma, na mvua haikunyesha. Bila shaka gavana alijiona ameshinda hoja. Hata hivyo, mwiko ule uliuhifadhi mmea bila askari wala faini, na sheria nyingi za leo hazijafika hapo.

Anayetaka kuutunza mmea huu nyumbani yampasa kwanza aelewe kwa nini unakula wadudu, kwa kuwa makosa karibu yote ya utunzaji hutokana na kutolielewa jambo hilo moja. Mmea huu huota mahali penye ardhi maskini mno: mchanga uliooshwa na mvua, majabali, mabwawa ya maji ya uchachu, au juu ya matawi ya miti. Mahali kama hapo hapana naitrojeni wala fosforasi ya kutosha. Mizizi yake ni myembamba na michache, nayo haikuumbwa kula chakula kingi. Kwa hiyo mmea umeihamishia kazi ya kula kwenye majani.

Namna ukamatavyo wadudu ni hii. Chini ya kawa na kwenye ukingo wa mdomo hutoka mbochi, yaani maji matamu kama yale ya maua. Chungu na nzi huifuata. Ukingo huo una mifereji midogo sana isiyoonekana kwa macho, nayo ikilowa kwa mvua au kwa umande huwa telezi kupita kiasi. Jambo hili lilithibitishwa na wataalamu Bohn na Federle mwaka 2004. Mdudu huteleza na kuanguka ndani. Katika aina nyingi ukuta wa ndani una nta isiyomwezesha kupanda, na maji yaliyo chini yana utelezi unaomnasa. Humo mna vimeng'enya, kama vile vilivyomo katika tumbo la mnyama, navyo humyeyusha mdudu pole pole hata libakie gamba lake tu.

Si aina zote zenye tabia moja. Nepenthes ampullaria, ambayo mitungi yake hukaa chini kama vyungu vilivyopangwa jikoni, hupata sehemu ya chakula chake kutokana na majani makavu yanayodondoka kutoka kwenye miti. Nepenthes rajah wa mlima Kinabalu, huko Borneo, una mtungi uwezao kuchukua zaidi ya lita 2 za maji, na panya wamepata kuonekana wamefia humo. Lakini uchunguzi uliotangazwa tangu mwaka 2009 umeonyesha kwamba mitungi mikubwa ya mlima huo ina manufaa mengine: tupaia, mnyama mdogo mfano wa kindi, huketi mdomoni akilamba utamu wa kawa, na papo hapo hujisaidia ndani ya mtungi. Mmea ukala. Aina nyingine, Nepenthes hemsleyana, humpa popo mahali pa kulala mchana kwa malipo ya namna hiyo hiyo. Mambo haya huenda yasipendeze mezani, lakini yanaonyesha jinsi mmea huu unavyothamini naitrojeni.

Basi hapo ndipo mama wa nyumbani mwenye huruma anapouua mmea wake. Anauona mpya umedhoofika baada ya safari, mitungi imesinyaa, naye anaupa kile ambacho kimeiponya mimea yake mingine yote: udongo mweusi, samadi iliyooza vizuri, au kijiko cha mbolea ya chumvichumvi. Mizizi huungua. Majani hugeuka meusi kuanzia ncha, na katika muda wa wiki chache mmea umekwisha. Mmea uliotoka safarini kwa kawaida hukausha mitungi yake, wala hilo si ugonjwa. Uachwe mahali penye mwanga na unyevu. Majani mapya yatakuja, na mitungi itayafuata.

Chungu cha mmea huu kisitiwe udongo kabisa. Wakulima wa mimea ya namna hii hutumia sfagnamu, jamii ya kuvumwani ifyonzayo maji kama sponji, wakaichanganya na perlaiti au na vipande vya magome. Sfagnamu ya kununua ni ghali na haipatikani kila mahali. Yawezekana kutumia makumbi ya nazi yaliyokatwa vipande, lakini kwa sharti moja: makumbi mengi huwa na chumvi, hasa yale yaliyolowekwa baharini, kwa hiyo yalowekwe katika maji ya mvua siku kadhaa na maji yabadilishwe mara nyingi kabla ya kutumiwa. Yachanganywe na vipande vya makaa, na mawe mepesi ya volkano yenye matundu, ambayo wakazi wa pande za Kivu wanayajua vizuri. Kusudi ni kwamba maji yapite upesi na hewa iifikie mizizi, huku unyevu ukibaki. Chungu cha plastiki chenye matundu mengi hufaa kuliko cha udongo, kwa maana cha udongo hufyonza chumvi na kukauka haraka. Kopo la bati halifai: hushika kutu, na jua likilipiga hupika mizizi.

Maji ni jambo la pili, na labda ndilo gumu zaidi. Maji ya bomba katika miji mingi, na ya visima karibu vyote, yana chumvichumvi na chokaa. Mtu huiona chokaa hiyo chini ya birika la chai. Mimea mingine haijali, huu hujali. Kuchemsha maji huua vijidudu, lakini hakuyafanyi kuwa laini ya kutosha, na chumvi iliyobaki katika maji yaliyopungua huzidi ukali. Lililo bora ni maji ya mvua. Wenye mapaa ya bati wayaache maji ya dakika za mwanzo yapite na vumbi lake, kisha wakinge yanayofuata na kuyaweka katika pipa lenye kifuniko. Wakati wa kiangazi, pipa likiisha, maji yaliyotoneshwa yanayouzwa kwa ajili ya betri za magari hufaa sana. Hapa pana hatari isiyofaa kupuuzwa: katika maduka hayo hayo huuzwa pia asidi ya betri, na chupa zake zaweza kufanana. Mnunuzi asome maandishi, aulize mara mbili, na asiweke chupa hiyo jikoni wala mahali wanapofikia watoto.

Mmea unyweshwe kwa juu, maji yapite chunguni na kumwagika yote. Usiachwe umesimama katika sahani ya maji. Mizizi yake hupenda kulowa bali haipendi kuzama, na kwa miji yetu sahani ya maji ina ubaya wa pili, ambao utaelezwa mbele. Maji yaliyomo mitungini si ya mwenye mmea kuyashughulikia. Mmea huyatengeneza wenyewe. Isipokuwa mtungi mzuri ukipinduka na kumwagika yote, hapo waweza kutiwa maji kidogo ya mvua, robo yake isitimie.

Sasa huja swali la joto, na hapa wakaaji wa miinuko na wakaaji wa pwani hawawezi kupewa shauri moja. Jamii ya Nepenthes imegawanyika sehemu mbili. Aina za nchi za chini hupenda joto mchana na usiku, nazo huumia usiku ukishuka chini ya digrii 18 kwa muda mrefu. Aina za milimani hupenda mchana wa wastani na usiku wa baridi, kati ya digrii 10 na 16, na zikikosa baridi ya usiku hudhoofika mwezi kwa mwezi mpaka zife, hata zikitunzwa vipi. Kwa hiyo mkazi wa Mombasa, Tanga au Unguja atafute aina za chini, kama vile Nepenthes mirabilis, au ile ya Madagaska. Mkazi wa Bukavu au Kigali, miji iliyoinuka karibu mita 1,500 juu ya bahari, ana bahati ambayo watunzaji wa Ulaya huinunua kwa mashine za kupoza hewa: aina nyingi za milimani na za katikati zaweza kukaa barazani kwake bila mtambo wowote. Bujumbura, iliyoko kando ya ziwa, ni ya joto zaidi, na huko yafaa zile za chini au za katikati.

Kwa anayeanza, popote aliko, lililo salama ni kuchagua mmea mvumilivu. Uliosambaa kuliko wote ulimwenguni ni ule mseto uitwao ventrata, ambao husamehe makosa mengi. Baada yake huja Nepenthes ventricosa wa Ufilipino na Nepenthes sanguinea wa Malaysia. Wapo wanaotamani kuanza na rajah kwa sababu ya umaarufu wake. Tamaa hiyo haina faida. Mmea huo hukua kwa uvivu mkubwa na ni mgumu hata kwa mabingwa.

Mwanga uwe mwingi, lakini si jua la saa sita mchana. Baraza inayotazama mashariki, ipatayo jua la asubuhi kwa saa mbili tatu, ni mahali pazuri. Penye jua kali hutundikwa wavu wa kivuli au hata kitambaa chepesi. Mmea wenyewe hutoa habari: majani yakiwa ya kijani kibivu, marefu na malegevu, bila mitungi, mwanga haukutosha, yakiwa na wekundu kidogo, umetosha, yakibabuka madoa ya kahawia upande uliolitazama jua, umezidi. Wengi huweka mmea sebuleni, juu ya kabati ya vyombo, kwa ajili ya kupendezesha chumba. Huko hukaa miezi sita bila kutoa mtungi hata mmoja, na mwenyewe hulaumu aliyemuuzia.

Unyevu wa hewa nao ni sharti la mitungi. Kichipukizi cha mtungi kilicho katika ncha ya jani hukauka kabla ya kuvimba ikiwa hewa ni kavu. Wakati wa masika hapana shida. Katika miezi ya kiangazi, vumbi linapotanda na upepo ukawa mkavu, mmea usogezwe karibu na mimea mingine, kwa kuwa mimea iliyokusanywa hupeana unyevu. Uondolewe penye upepo. Na majani yarushiwe maji ya mvua kwa bomba la mkono asubuhi na jioni. Chumba cha kuogea chenye dirisha kubwa ni mahali pazuri kuliko watu wanavyofikiri.

Kuhusu chakula, mmea ulio barazani hujitafutia. Chungu na nzi huja wenyewe. Ulio ndani ya nyumba waweza kupewa mdudu mmoja mdogo katika mtungi mmoja au miwili, kila baada ya wiki mbili au tatu. Mende mzima ni mkubwa mno kwa mtungi mchanga. Humo huoza badala ya kumeng'enywa, na mtungi huoza naye. Vipande vya nyama, jibini na samaki haviruhusiwi kabisa, ingawa watoto hupenda kujaribu. Ni kweli kwamba Joseph Hooker, mtaalamu mashuhuri wa Uingereza, alitia vipande vya ute wa yai na vya nyama katika mitungi, akatangaza matokeo yake mwaka 1874. Yeye alikuwa akichunguza, si akipamba nyumba. Wala mdudu aliyekufa kwa dawa ya kunyunyiza asitiwe humo.

Yako madai yanayosikika mara kwa mara kwamba mmea huu ukiwekwa dirishani humaliza mbu. Madai hayo si kweli, na yaweza kudhuru. Mawindo yake makubwa ni chungu. Mbu anayemuuma mtu usiku hutafuta damu, hana haja na mbochi ya mtungi wakati huo. Zaidi ya hayo, huko kwao kuna mbu ambao viluwiluwi vyao huishi ndani ya mitungi hiyo hiyo bila kumeng'enywa. Mtungi wenye afya ni sumu kwa wadudu wengi, lakini mtungi mzee uliojaa maji ya mvua ni maji yaliyotuama tu, kama kopo lililotupwa uani. Kwa hiyo mitungi iliyozeeka ichunguzwe kila wiki, imwagwe na kukatwa. Na ile sahani ya maji chini ya chungu, iliyotajwa hapo nyuma, ndiyo mazalio hasa ya mbu wenye madoa meupe wanaoeneza homa ya dengi. Nyumba yenye watoto wachanga iliyouza chandarua chake kwa kutegemea mmea imefanya biashara mbaya sana.

Kwa upande wa chakula cha binadamu, habari ni ya kufurahisha zaidi. Katika Malaysia watu huiita mitungi hii periuk kera, maana yake chungu cha tumbili. Huiosha, wakaijaza mchele wa kunata na tui la nazi, wakaipika kwa mvuke, na wali huo huliwa kama kitafunio. Mitungi itumiwayo ni ile iliyo safi. Mtu asiyejua mtungi wake umemeza nini tangu mwezi uliopita asijaribu.

Wakati wa kununua, muulize muuzaji mmea umetoka wapi. Swali hili si la adabu tu. Jamii nzima ya Nepenthes imo katika mkataba wa kimataifa wa biashara ya viumbe vilivyo hatarini, uliotiwa sahihi Washington mwaka 1973, na kuuvusha mpakani kunahitaji hati. Aina mbili, rajah na Nepenthes khasiana wa India, zimewekwa katika daraja la ulinzi mkubwa kabisa. Iliyong'olewa porini haiuzwi kwa halali. Wapo wanaong'oa mimea mizee milimani na kuiuza kwa siri. Mmea wa porini mara nyingi hufa njiani au mwaka wa kwanza, basi mnunuzi hupoteza fedha na kilima hupoteza mmea uliochukua miaka mingi kukua. Dalili zake ni shina kavu na nene, mizizi iliyokatwa, majani yenye makovu ya kuvu na wadudu, na bei iliyo ya chini kwa mmea mkubwa. Uliokuzwa kitaluni ni mdogo, safi, na majani yake yamelingana. Yule wa Shelisheli, ambaye makao yake yote ulimwenguni ni vilele vya visiwa viwili, asichukuliwe kwa mkono na mtalii yeyote, hata kipande.

Wadudu waharibifu ni wachache: vidukari, vidung'ata, vithiripi na vidugamba. Wafutwe kwa pamba iliyochovywa katika spiriti, jani kwa jani, huku mitungi ikiepushwa. Majani makavu yakatwe. Mtungi ambao sehemu ya juu imekauka lakini ya chini bado ni kijani uachwe, maana ungali ukiulisha mmea.

Mmea ukipata miaka michache huanza kutambaa na shina lake kurefuka. Hapo ndipo waweza kuongezwa. Kata shina kwa kisu kikali katika vipande vyenye vifundo viwili au vitatu na jani moja au mawili. Majani hayo yapunguzwe nusu. Kipandikizi kichomekwe katika sfagnamu iliyolowa, kifunikwe kwa mfuko wa plastiki unaopitisha mwanga, kiwekwe kivulini penye joto. Mizizi hutoka baada ya mwezi mmoja hadi mitatu. Mbegu ni habari nyingine, kwa sababu mmea huu una dume na jike, kila mmoja kwa shina lake, na mmea mmoja peke yake hauzai. Majirani wawili wenye mimea ya jinsi tofauti ikichanua wiki moja waweza kuhamisha unga wa maua kwa brashi ndogo. Mbegu zipandwe zingali mpya, juu ya sfagnamu bila kufukiwa. Huota baada ya miezi miwili hivi, nazo hupitisha mwaka wa kwanza zikiwa ndogo kuliko ukucha, kila moja na vimtungi vyake vya kukamatia wadudu wasioonekana.